Albamu ya Damso ya 2020 iligawa mashabiki wa Bunia: je, QALF inatuhusu sisi pia?

BUNIA – Albamu ya rapa Damso iliyotoka Ijumaa tarehe 18 Septemba 2020 iliingia Bunia ndani ya kadi za simu, na baada ya siku hiyo haikutoka midomoni mwa vijana. Kando ya Boulevard de Libération, pale wenye pikipiki wanaposubiri abiria, mbele ya vibanda vya kuchaji simu, na kwenye viwanja vya vyuo vikuu, swali ni lile lile: QALF ni albamu nzuri au ametuuzia jina?

Kwa mtu asiyefuata rapu, ubishi huu unaweza kuonekana kama mchezo wa watoto. Tarehe 4 Septemba 2020, wiki mbili kamili kabla ya albamu kutoka, wapiganaji wa CODECO waliingia mjini mchana wakiwa na silaha zao, wakaenda hadi kwenye gereza kuu kudai wenzao waachiliwe. Maduka yalifungwa na wakaaji wakajifungia nyumbani mpaka wakubwa wa serikali walipozungumza nao na kuwasindikiza nje ya mji. Baada ya albamu kutoka, vijana wale wale waliokuwa wamelala chini ya vitanda walipigana maneno juu ya mtu aliyeishi Brussels. Lakini ukikaa nao dakika kumi, unagundua kwamba vitu hivi viwili haviko mbali sana. Ndani ya ubishi wa QALF mnarudi kila mara swali moja: Mkongomani aliyeondoka na akafaulu anatudai nini, na sisi tunamdai nini?

Tuanze na jambo dogo ambalo linaharibu mazungumzo mengi: si wote waliosikia albamu moja. Mwenye mafaranga ya kununua mega amesikiliza nyimbo zote moja kwa moja kwenye intaneti, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe Damso. Hao ni wachache. Wengine wamepata nyimbo nne au tano kwenye WhatsApp, zilizotumwa na binamu wa Kampala au rafiki wa Kinshasa. Walio wengi wamekwenda kwa yule kijana mwenye kompyuta anayejaza nyimbo ndani ya kadi, wakatoka na folda nzima ambayo majina yamekatika na namba zimechanganyika. Halafu wote wanakutana jioni na kila mmoja anahukumu “albamu”.

Mfano mzuri ni wimbo unaoitwa “Intro”. Neno lenyewe linasema ni utangulizi, lakini kwenye QALF umewekwa mwisho kabisa. Kuna walioshawishika kwamba kijana wa kompyuta amekosea kupanga, wakaurudisha mwanzo wao wenyewe. Hawakujua kwamba ndivyo albamu ilivyo, na kwamba huko Ufaransa na Ubelgiji mashabiki walikuwa wakiulizana usiku na mchana maana yake ni nini. Tutarudi hapo.

Kwa wasiomjua, Damso ni William Kalubi Mwamba, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 10 Mei 1992. Familia yake ilikimbilia Ubelgiji akiwa bado mtoto wa miaka kama tisa. Alianza kusikika kwa nguvu mwishoni mwa 2015, Booba alipomweka kwenye wimbo “Pinocchio” wa albamu yake Nero Nemesis. Baada ya hapo hakupumzika. Batterie faible ilitoka Julai 2016, Ipséité Aprili 2017, Lithopédion Juni 2018. Albamu tatu ndani ya miaka miwili. Kisha akanyamaza, au karibu kunyamaza: nyimbo chache za kushirikishwa, kama “Rêves bizarres” ya Orelsan, na basi.

Na muda wote huo jina la QALF lilikuwa linazunguka. Mashabiki walilijua tangu mwanzo wa safari yake, kabla hata Batterie faible haijatoka. Herufi hizo nne ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa yanayohusu wale wanaopenda na kufuata kwenye mitandao. Kila albamu ilipotoka, watu waliuliza: na QALF je? Mtu akikusubirisha hivyo kwa miaka, siku anapofika na sahani, hata pondu tamu utasema haina chumvi. Nadhani sehemu ya hasira ya mjini inatoka hapo. Watu hawalinganishi QALF na Lithopédion. Wanailinganisha na albamu ambayo waliitunga wenyewe kichwani kwa miaka minne.

Ubishi wa kwanza, na ndio wenye kelele nyingi, ni wa kuimba. Kambi moja, ambayo wenzao wanaiita ya wazee ingawa wengi hawajafika miaka 30, inasema Damso ameacha rapu. Kwao Damso wa kweli ni yule wa Batterie faible: sauti nzito, maneno yanayokuja kama mawe, mstari mmoja unaokulazimisha kurudisha wimbo nyuma mara tatu ili uelewe. (Jina lenyewe la albamu hiyo, “betri dhaifu”, lilipendwa sana hapa. Katika mji ambamo umeme unakuja na kuondoka kama mgeni, kila mtu alijua rapa anaongea nini.) Sasa wanasikia “911” na “Sentimental”, nyimbo laini za mapenzi, wanatikisa kichwa. Wanasema hizi ni za kuchezwa kwenye harusi, baada ya keki.

Kambi ya pili ilijibu kwamba mtu mwenye miaka 28 hawezi kuendelea kupiga kelele kama wa 24, na kwamba sauti ya Damso imekomaa. Wanasema kuimba nako ni kazi. Kuchagua maneno machache na kuyaacha yapumue ni kugumu kuliko kujaza dakika tatu kwa matusi. Kwao QALF ni albamu ya kusikiliza usiku, ukiwa peke yako, na wanaoihukumu kwa spika ya kibanda barabarani hawajaisikia.

Hapa mwandishi wa habari hii aruhusiwe kusema maoni yake. Kambi ya kwanza inasahau haraka. “Macarena”, wimbo uliomfanya Damso ajulikane hata na mama zetu mwaka 2017, ni wa kuimba kuliko kurapu, nao uko kwenye Ipséité, albamu ambayo hao hao wanaiita kilele. “Feu de bois” ya 2018 vile vile. Kwenye Lithopédion alimwita Angèle, mwimbaji wa pop wa Ubelgiji, na hakuna aliyeandamana. Kilichobadilika si kwamba anaimba. Ni kwamba zamani nyimbo za kuimba zilikuwa kisiwa katikati ya rapu ngumu, na sasa ni rapu ngumu ndiyo imekuwa kisiwa. Mtu anaweza kutopenda kipimo hicho kipya. Lakini kusema amegeuka ghafla si kweli.

Na bado kambi ya kwanza ina hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Wanasema: kwenye albamu za zamani ulitoka na kitu cha kujadili. Mstari fulani ulikaa nawe wiki nzima, ukauliza rafiki anayejua Kifaransa vizuri, akakufafanulia, ukamuuliza mwingine, akakupa maana nyingine. Kwa vijana wengi wa Bunia, ambao Kifaransa walikipata shuleni kwa fimbo, rapu ya Damso ilikuwa somo la lugha. Walijifunza maneno ambayo mwalimu hakuwafundisha, mengine kwa bahati mbaya hayafai kurudiwa mbele ya mwalimu. “Ipséité” na “lithopédion” ni maneno ambayo yalituma watu kwenye kamusi. QALF haimtumi mtu kwenye kamusi. Ukiisikia mara mbili umeielewa. Kwa wengine hiyo ndiyo sifa yake, kwa wengine ndiyo hasara.

“BXL ZOO”, alioufanya na Hamza, rapa mwenzake wa Brussels, unawapatanisha wote kwa dakika chache. Hata wapinzani wakubwa wanakubali kwamba hapo kuna rapu.

Ubishi wa pili ni wa majina yaliyoshirikishwa, na hapa ndipo mazungumzo yanaanza kuwa ya Kikongomani zaidi. Damso amemweka Fally Ipupa. Kwa upande wa Kinshasa hiyo ni sherehe: mtoto wa mji aliyekulia Ulaya amerudi kuchukua baraka kwa mkubwa. Fally ndiye aliyejaza Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, huku nje moto ukiwaka karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon kwa sababu ya Wakongomani waliopinga tamasha lake. Kumweka kwenye albamu ya rapu miezi saba baadaye ni kuchagua upande, wanasema wengine. Wengine wanaona biashara tu.

Hapa Bunia maoni ni ya mchanganyiko, na sababu si siasa ya Paris. Sababu ni lugha. Kilingala tunakisikia, wengi tunakisema, na hakuna harusi hapa inayoisha bila wimbo wa Kinshasa. Lakini kuna uchovu fulani ambao umekuwepo kwa muda mrefu. Kila mara mwana wa Kongo anapofaulu Ulaya na akataka kuonyesha kwamba hajasahau nyumbani, nyumbani huko ni Kinshasa. Damso tayari alikuwa na “Kin la belle” mwaka 2017. Gims amezaliwa Kinshasa, Youssoupha, mtoto wa Tabu Ley, amezaliwa Kinshasa. Hakuna kosa katika hilo, mtu huimba mahali alipozaliwa. Ila msikilizaji wa Ituri anabaki akijiuliza kama kwenye ramani ya rapu ya Kifaransa nchi yetu ina mji mmoja.

Mashabiki wenye masikio makini wanasema hapana, angalia jina lingine: Lous and the Yakuza. Naye amealikwa kwenye QALF. Marie-Pierra Kakoma, ndilo jina lake, amezaliwa Lubumbashi mwaka 1996, baba Mkongomani, mama Mnyarwanda. Kwa hiyo Kongo ya Waswahili iko ndani ya albamu, hata kama haisemi Kiswahili. Wenzao wanajibu kwamba kuzaliwa si kuimba. Hapo mmoja huwakumbusha “Mwaka Moon”, wimbo wa Kalash na Damso wa 2017, ambao sikio la Mswahili lilishika neno moja tu na kufurahi, ingawa hakuna aliyewahi kutuambia kama ni mwaka wetu huo au ni kitu kingine.

Mimi ningeongeza jina ambalo halitajwi sana kwenye vibanda vyetu: Baloji. Amezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amekulia Ubelgiji, na jina lake masikio yetu yanalisikia kama “walozi”. Mwaka 2018, ule ule wa Lithopédion, alitoa albamu inayoitwa 137 Avenue Kaniama. Kabla ya hapo alikuwa na wimbo wenye jina “Karibu ya Bintou”. Mtu anayelalamika kwamba hakuna rapa wa Ulaya anayebeba sauti ya upande wetu amemsikiliza Baloji mara ngapi? Tunadai kuonekana, lakini mega zetu tunazitumia kwa yule anayesikilizwa na wote.

Kuna ubishi wa tatu, ambao wanaume wengi wanaupita haraka na wasichana hawaupiti. Ni jinsi Damso anavyosema wanawake. Si jambo jipya. Mwaka 2018 shirikisho la mpira la Ubelgiji lilimwomba aandike wimbo wa timu ya taifa kwa ajili ya Kombe la Dunia la Urusi. Mashirika ya wanawake yalipinga, yakionyesha mistari yake ya zamani, wafadhili wakaanza kuwa na wasiwasi, na mwezi Machi shirikisho likavunja makubaliano. Damso alitoa wimbo wake mwenyewe baadaye, “Humains”, bila wao.

Wapo wanaosema QALF imepoa upande huo, na kwamba mapenzi ya “911” ni ya mtu aliyejifunza heshima kidogo. Wapo wasichana, hasa wanafunzi, wanaosema kwamba kidogo hakitoshi. Hoja yao ni nzito hapa kuliko Brussels. Katika jimbo ambamo mwili wa mwanamke umetumiwa kama uwanja wa vita, katika Djugu, katika Irumu, tangu vita vya zamani mpaka hivi vya sasa, kijana anayerudia mistari fulani kwa kicheko kwenye taksi hajui aliyekaa nyuma yake amepitia nini. Nimeona mabishano yakizimika ghafla sababu ya neno kama hilo. Waliokuwa wakitetea “ni sanaa tu” walibaki wakitazama simu zao.

Sasa tufike kwenye kiini. Damso amezaliwa 1992. Kijana wa Bunia aliyezaliwa mwaka huo alikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja mwezi Mei 2003, wakati wapiganaji wa Kihema na wa Kilendu walipogombania mji huu, maiti zikabaki barabarani, na maelfu ya watu wakajazana karibu na uwanja wa ndege na kambi ya MONUC mpaka wanajeshi wa Ulaya wa operesheni Artemis walipofika mwezi Juni. Damso alikuwa tayari Ubelgiji. Watoto wawili wa umri mmoja, wa nchi moja. Mmoja alipanda ndege, mwingine alilala kwenye hema la plastiki.

Ndiyo sababu mashabiki wa rika hilo wanamsikiliza kwa njia ambayo vijana wa miaka 18 hawaielewi. Mwaka 2016, kwenye Batterie faible, kulikuwa na wimbo “Graine de sablier”, ambamo anarudi kwenye utoto wake Kongo, vita, hofu, watu kufa. Vita vyake vilikuwa vya Kinshasa, si vya Ituri. Haikujalisha. Mtu wa Bunia aliyeusikia alijua kwamba anayeongea hajasoma jambo hilo kwenye gazeti. Wapo wanaosema kwamba tangu siku hiyo walimchukua kama ndugu yao, si kama nyota.

Na kwa ndugu, matarajio ni mengine. Tangu Desemba 2017 mauaji yamerudi Djugu, kisha Mahagi, kisha Irumu. Mamia ya maelfu ya watu wamekimbia vijiji vyao, na kambi za wakimbizi wa ndani ziko hapa hapa mjini. Ebola iliisha Juni 2020, na korona ilikuwa imefunga shule na vyuo tangu Machi mwaka huo. Basi ndugu akinyamaza miaka miwili na kurudi na “Sentimental”, kuna wanaouliza: hukusikia chochote? Wanaosema hivi hawaongei kwa hasira, wanaongea kama mtu ambaye kaka yake amepiga simu kutoka Ulaya na kuongea dakika ishirini juu ya mchumba wake.

Upande wa pili wanajibu kwamba rapa si mbunge. Hakuna aliyempigia kura. Wabunge tuliowachagua wako Kinshasa, waulizwe wao. Na wanaongeza, kwa haki, kwamba aliyekimbia vita akiwa mtoto hana wajibu wa kuirudisha kinywani kila mwaka ili sisi tujisikie tumetajwa. Amesema mara moja, kwa uzito. Akitaka sasa kuimba mapenzi, huenda ndiyo dalili kwamba amepona kidogo. Tunataka nini, abaki na jeraha wazi ili albamu iwe nzuri?

Swali hilo limenikaa. Sina uhakika linajibika kwenye kibanda cha kuchaji simu, lakini naona wanaolikwepa ni wale wasiotaka kusikia mapenzi kutoka kwa mtu wa Kongo, kana kwamba sisi tuna ruhusa ya kuongea juu ya vita tu. Vijana wa Bunia wanapenda, wanaachwa, wanalia usiku kama wengine. “911” inachezwa kwenye kambi za wakimbizi pia. Mwenye simu ndogo na kadi ndogo anaucheza wimbo wa mapenzi, na hakuna aliyemwambia achague wimbo wa vita kwa sababu ya mahali alipolala.

Ila sitetei albamu yote. QALF ina nyimbo ambazo zingeondolewa na hakuna ambaye angegundua. Katikati inalegea. Na baada ya miaka ya kungoja, inatoa hisia ya mtu aliyechagua kufungua nusu ya mlango.

Kuna kundi jingine linalosikiliza mabishano haya kwa uchungu wa peke yake, nalo ni marapa wa Bunia wenyewe. Wapo. Wanarekodi kwenye vyumba vilivyobandikwa magunia na sponji ukutani, umeme ukikatika wanangoja, jenereta ikinguruma sauti yake inaingia kwenye wimbo. Wanarapu kwa Kiswahili cha hapa, chenye Kilingala na Kifaransa ndani, jinsi tunavyoongea kweli. Wanataja mitaa yetu. Wanataja Djugu kwa jina. Kile ambacho mashabiki wanalalamika kwamba Damso hakukifanya, hawa wanakifanya kila mwezi, na hakuna anayebishana juu yao jioni kando ya barabara. Albamu yao ikitoka, inasambazwa kwa Bluetooth bure, watu wanasema “umejaribu, mdogo wangu”, na inafutwa kwenye kadi ili Damso apate nafasi.

Ukiwauliza mashabiki kwa nini, wanajibu kwa ukweli: sauti haijasafishwa, midundo inafanana, mistari mingine imenakiliwa kutoka kwa wale wale wa Ulaya. Ni kweli mara nyingi. Lakini sauti inasafishwa kwa pesa, na pesa inakuja kwa wasikilizaji, na wasikilizaji wanangoja sauti isafishwe. Wakubwa kidogo wanakumbusha kwamba hip-hop ya Kiswahili ilianza hivyo hivyo Dar es Salaam. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, watu wengi bado waliona rapu ya Kiswahili ni uhuni. Baadaye mtu huyo aliingia bungeni, na kabla yake Sugu. Kilichowabeba ni watu wao kuwasikiliza kwanza, hata kabla sauti haijawa safi.

Karibu zaidi kuna mfano wa Innoss’B wa Goma. Si rapa, lakini kila anayetaka kushinda ubishi huu anamtaja. “Yope” yake na Diamond Platnumz, iliyotoka mwaka 2019, ilivuka mipaka yote, na mtoto huyo wa Kivu hakuhitaji kwanza kuwa Mbelgiji. Ndiyo, wengine wanajibu, lakini alipanda kwa Lingala na kwa dansi, si kwa rapu ya maneno magumu juu ya Ituri. Na ubishi unaanza upya.

Turudi kwenye “Intro”, ule wimbo wa mwisho. Maelezo yaliyopendwa zaidi mjini wakati huo yalikuwa kwamba Damso ametuambia albamu bado haijaanza: sehemu ya pili inakuja, na humo ndimo ameficha rapu yote. Kambi ya wazee imeshika hoja hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu inawaruhusu kuichukia QALF bila kumwacha Damso. Yule aliyerudisha wimbo mwanzo wa folda yake ameambiwa aurudishe mwisho.

Kabla ya hilo kuthibitika, kulikuwa na tarehe nyingine ambayo wachache walianza kuitaja. Lous and the Yakuza alitoa albamu yake ya kwanza, Gore, tarehe 16 Oktoba 2020. Waliosema kwamba binti wa Lubumbashi kwenye QALF ni ushindi wa upande wetu waliambiwa na wenzao waweke akiba ya mega wamsikilize kwa dakika zote, halafu warudi kwenye pikipiki waseme walichosikia.